Betri ya Nyumba ya Nyamizi

Kila nyumba ilipewa betri moja ya sola kwa miaka kumi. Ikichoka kabla ya hapo, mkaazi mmoja alihamishiwa kambini ndipo nyumba ipewe betri mpya. Ya kwa Nyamizi ilichoka mwaka wa nne, na mama yake, Bi Kalunde, akajitolea kuondoka.

Wiki iliyofuata Nyamizi alikuwa akisafisha stoo, akakuta matundu ya hewa ya ukutani, nyuma ya betri mpya, yamezibwa kwa matambara. Joto ndilo lililoiua ile ya kwanza.

"Masanja, nani kaziba hapa?" alimuuliza mumewe.

"Mama yako alitubana, Nyamizi. Sasa si umeme unatutosha?"

Nyamizi aliyachomoa matambara. Tangu siku hiyo, kila akiamka hukimbilia stoo kupapasa matundu yale. Nyumbani wamebaki wawili tu.