Mifupa ya Philomène

Mteja alishika sahani, akaitazama mikono ya Philomène, kisha akairudisha sahani mezani bila kuonja.

"Mama, samahani. Njaa imeisha."

Njaa yenyewe haikwenda mbali. Ilivuka njia tu, ikaketi kwenye benchi la Julie, mpishi mwenzake, na punde yule bwana alikuwa anamega lituma, zile ndizi za kupondwa, huku akicheka kwa sauti.

Philomène alifunika chungu chake. Katika soko lote la Tshopo hakuna aliyeponda ndizi zikalainika kama zake, na samaki alimpika kwa mawese jinsi mamake alivyomfundisha kule Yanonge. Watu walilijua hilo. Kuna wakati walikuwa wakisimama kusubiri nafasi kwenye benchi lake. Lakini huo ulikuwa wakati wa kabla ya sida, huu ukimwi, kuingia mjini.

Alizaliwa mwembamba, kama mamake, kama nyanya yake. Zamani watu walimtania tu: "Philo, bwana yako hakulishi?" naye alicheka pamoja nao. Kisha redio ikaanza kuutaja ule ugonjwa unaokondesha watu, watu wakaanza kuzikwa, na utani ukakoma. Sasa walinyamaza akipita. Ukimya ule ulimuuma kuliko matusi.

Alifanya kila alichoambiwa. Alikunywa bia iliyochanganywa na maziwa mpaka akatapika. Alimeza vidonge ambavyo muuzaji aliapa vinatia mashavu. Vilimtia usingizi, akaunguza maharage. Mwishowe alianza kuvaa pagne juu ya pagne, kitenge juu ya kitenge, ili aonekane na mwili. Joto la Kisangani likamchemsha kama muhogo, na bado mifupa ya shingo ilimsaliti.

Alikwenda hata hospitali. Muganga alimpima damu, akamwambia, "Mama, damu yako iko safi. Hauna kitu. Mungu alikuumba tu hivi."

Alitoka pale akiimba. Alipofika sokoni wimbo ulimkauka mdomoni. Habari hiyo angempa nani? Aiimbe na kuicheza hadharani, kama wale wanaochezea chama cha Rais ngoma za sifa?

Mumewe Lambert, aliyebeba mizigo ya abiria kule uwanja wa ndege wa Bangboka, alichoka kumsikiliza. "Miye niliona hii mwili, nikaipenda, nikaleta mahari. Hawa watu wa soko ndio walikuoa?"

"Weye haupikie watu," alimjibu, akageukia ukuta.

Aliyemkera kuliko wote ni Julie. Julie alikuwa mnene, ngozi inang'aa, mashavu kama maandazi yaliyotoka sasa hivi kwenye mafuta. Wateja walikiamini chakula chake kwa kumtazama yeye. Philomène hakuwa na shaka kwamba uvumi ulianzia kwenye mdomo ule. Nani mwingine alifaidika nao? Siku moja alimtupia neno mbele ya watu: "Unanenepa na machozi ya wenzako!" Julie alichukua ndoo akaenda kuteka maji. Kiburi, Philomène akajiambia.

Na leo, yule bwana hajamaliza hata kula, alipita mama mmoja na binti yake mdogo. Mtoto akasimama mbele ya chungu cha Philomène, akanyoosha kidole.

Mama yake akamvuta mkono. "Hapana hapa."

Hapo kitu kikakatika ndani ya Philomène. Alipanda juu ya kibao chake, akafungua pagne ya juu, akaitupa. Akafungua iliyofuata, akaitupa pia. Akabaki na moja, imemkaa mwilini alivyo, mifupa na yote.

"Bon, muangalie!" Sauti yake ilivuka soko. "Munaangalia kila siku kwa kuiba, basi leo muangalie vizuri! Hii ndiyo mwili yangu. Sitaificha tena. Mutu anataka kula, akuje. Hataki, apite. Nimechoka kujifunga nguo juu ya nguo sababu ya macho yenu!"

Wengine walicheka. Wengine walitazama chini, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Philomène alishuka, akaketi. Baada ya miezi mingi upepo ulimfikia ngozini. Lakini hakuna aliyekuja kula. Lituma ikapoa, mawese yakaganda juu ya samaki.

Jua lilipoanza kuinama na wauzaji kufunga mizigo yao, Julie alivuka njia. Philomène alimwona akija, mwili wote ule ukitikisika, akaunoa ulimi.

"Umekuja kumalizia kicheko?"

Julie aliangalia nyuma yake, kushoto, kulia. Akachuchumaa kwa shida kando ya chungu, akaushika mkono wa Philomène, ule mkono ambao sokoni hakuna tena aliyetaka kuugusa. Vidole vyake vinene vilikuwa baridi.

"Dada, usinifukuze. Muganga alipima damu yangu, haiko safi. Hata bwana yangu hajui." Akaubana mkono ule zaidi. "Weye uko nayo miaka yote hii, na leo umesimama mbele ya soko muzima bila kuogopa mutu. Unifundishe, dada. Mutu anaishi nayo namna gani?"