Swali la Alama Ishirini

"Andika kwamba ndege zingetokea upande wa kiwandani," babu alisema. "Asubuhi, jua likiwa machoni mwa watu."

Mjukuu akaandika. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao katika karakana ya babu yake, daftari mapajani. Swali lilikuwa moja tu: Kama Mkuu wa Nchi angetangaza vita mwaka ule wa mgogoro wa mpaka, nini kingetokea? Kitabu cha historia kilisema hakutangaza, nchi ikapona. Basi. Mstari mmoja, na picha yake akitabasamu. Watu wazima wa mji hawakupenda kuuzungumzia mwaka ule. Na bila alama nzuri katika swali hilo la alama ishirini, sekondari msichana huyu angeisikia kwa wenzake. Mwalimu, kijana mgeni mjini, alishamwambia hivyo mbele ya darasa zima.

Babu hakuacha kupiga randa. Alizungumza kama mtu anayetaja vipimo vya meza. Ndege zingekuwa tatu. Bomu la kwanza lingeangukia ghala la unga. La pili barabarani, kwenye foleni ya wanawake wanaosubiri mkate. Vumbi lingekuwa jeupe, watu wote wangefanana, na mtu angemtambua ndugu yake kwa viatu. Mbao za majeneza zisingetosha. Wangezika kwa milango.

"Milango ya wapi, babu?"

"Ya nyumba zao. Nani angebaki wa kuifunga?"

Mjukuu akacheka. Akamwambia kumbe yeye ni fundi wa maneno, useremala unampotezea muda tu. Babu akapuliza maranda. Akasema wakubwa wangekuwa ng'ambo, hotelini, wakipiga simu kuuliza hali.

"Hilo usiliandike."

Ijumaa msichana alirudi mbio na karatasi. Kumi na nane. Mwalimu alikata mbili, akaandika kwa wino mwekundu: Chumvi imezidi kwenye milango. Lakini sekondari alikuwa anakwenda. Akasimama katikati ya maranda, akamsomea babu insha nzima kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mpaka nukta ya mwisho. Kisha akauliza mambo yote hayo aliyatoa kitabu gani, maana mwalimu naye anakitaka.

Babu akailaza randa ubavu, makali yasiguse meza.

"Mimi vitabu sivijui," alisema. "Nilikusimulia ya asubuhi ile."

Msichana akaitazama karatasi, akamtazama babu.

"Lakini vita havikutangazwa."

"Havikutangazwa. Kwa hiyo swali lenu bado sijalijibu." Akachukua ubao mwingine, akaupima unyoofu kwa jicho moja. "Kama wangetangaza, ving'ora vingelia, na bibi yako angetoka kwenye foleni."