Mwavuli Uliosahaulika

"Tapeli wako tumempata!" alisema Kapitana Puring, mwenyekiti wa mtaa, akivuta kiti mezani bila kukaribishwa. "Yuko Cebu. Anazunguka kwenye harusi za watu anaimba wimbo wako na kujiita Danilo Quirante. Hana hata haya!"

Kijiko cha tambi kilimponyoka Crisanto.

Sababu ilikuwa ndogo tu. Danilo Quirante halisi alikuwa ni huyo wa Cebu.

Crisanto alikuwa fundi friji mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, zawadi ya mbuzi mmoja wa utotoni. Mwaka wa themanini na tatu wimbo wa Danilo, "Mwavuli Uliosahaulika", uliiliza Ufilipino nzima: kijana yuko kituoni, mvua inanyesha, msichana kapanda basi kasahau mwavuli wake wa njano. Basi, ni hayo tu, na kibwagizo kinachorudiwa mpaka msikilizaji akome. Kwenye jalada la kaseti nywele zilimfunika mwimbaji uso wote, likabaki kovu juu ya jicho la kushoto. Wimbo wa pili hakutoa. Akatokomea Japani.

Ndipo Crisanto alipohamia San Roque na kovu lake. Mtu akamuuliza dukani, "Wee, si ndiye Danilo?" Na kwa kuwa Ligaya alikuwa amesimama pale pale akinunua barafu, Crisanto akajibu, "Ndiye mwenyewe. Danilo ni jina la jukwaani." Wakaoana. Tangu siku hiyo hajaimba hata bafuni. Alisema analipumzisha koo, na kwa kweli hakuna koo lililowahi kupewa likizo ndefu kama lile.

Ligaya, Mungu ambariki, hakuwahi kumwomba aimbe. Redio ikithubutu kuuanza ule wimbo, anaizima. "Mwacheni mume wangu apumue," huwaambia majirani waliokuja kuulilia ujana wao. Kwa hilo Crisanto alimpenda mpaka akaogopa. Siku akijua ukweli, ataondoka. Nani atabaki na fundi friji, baada ya kudhani miaka yote ameolewa na nyota?

"Nimemwalika sikukuu ya Mtakatifu wetu," Puring aliendelea, uso unamng'aa. "Hajui kama upo. Mtaimba wote wawili, karaoke itoe alama. Atajua hajui!"

"Karaoke?" Crisanto alisema kwa sauti ndogo.

"Mashine haina shemeji, kaka."

San Roque watu hubishana hata na padri, lakini si na mashine ya karaoke.

Ligaya alikuwa anamenya vitunguu. "Kaimbe tu, baba," alisema bila kugeuka. "Huyo hakuwezi."

Siku ya sikukuu uwanja wa mpira wa kikapu ulifurika. Danilo alipanda jukwaani na tumbo lake, shati la kumetameta na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Alianza vizuri. Alianza vizuri mno, Crisanto akaanza kutazama lango la kutokea.

Kisha Danilo akafika pale pa "rudi uuchukue mwavuli wako", na macho yake yakamwangukia Ligaya, mstari wa mbele, akijipepea taratibu. Mkono wa mwimbaji ukakimbilia kwenye kofia. Maneno yote yakamtoka kichwani, akabaki kuduwaa huku muziki ukiendelea bila yeye.

Mashine ikatoa sitini na moja.

"Hata maneno hayajui!" watu walizomea. "Rudi kwenu, tapeli!"

Crisanto akaimba amefumba macho, kwa sauti ya friji linalokaribia kufa. Mashine isiyo na shemeji, na masikio pia haina, ikampa tisini na nane na kumpigia tarumbeta. Puring alilia waziwazi. Danilo alikuwa keshaondoka, hata nguruwe wa kuchoma hakumngoja.

Njiani kurudi nyumbani Crisanto alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulimkwama kama mwiba wa samaki. Heri amwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na watu.

"Mke wangu, nina neno. Na ukitaka kuondoka baada ya kulisikia, sitakuzuia. Yule mtu wa leo..."

"Amenenepa," alisema Ligaya.

"Nani?"

"Danilo. Na uongo wake haujaisha." Akafungua mwavuli wao mweusi kujikinga na jua, akamvuta mumewe kivulini. "Mwavuli mimi sikuusahau. Nilimvunjia pale pale juu ya jicho, nikapanda basi langu. Lakini wewe, baba, kovu lako ulilipata wapi? Miaka yote hii naona haya kukuuliza."