Kura ya Wino wa Kijani

Duru ya kwanza, wajumbe wote ishirini na mmoja wa shirika letu la upatanishi walipata kura moja moja. Watu wa amani hao! Kila mmoja alimpigia jirani yake wa kulia, asije akaonekana ana uchu wa madaraka.

Mimi karani nikagawa karatasi upya. Kwenye kona, simu iliita, ikakatika, ikaita tena. Majeshi mawili yaliyokuwa vitani yalikuwa tayari kuzungumza, ila na kiongozi mpya wa shirika tu, na mwisho ni adhuhuri. Zilibaki dakika kumi.

Kanuni ilikuwa rahisi: anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye.

Nikasoma. Moja. Moja. Moja tena! Karatasi ya mwisho ikanivua miwani. Ilimpa Shangazi, mkunga mstaafu, kura ya pili, tena kwa wino wa kijani. Kalamu ya kijani mle ndani ilikuwa yangu peke yake, na asubuhi nilimwazima yeye.

Nikafunga mdomo. Kura ni siri.

"Hiyo ni yangu," akasema Shangazi. "Nimejipigia mwenyewe."

Mtu akaangusha kijiko.

"Jamani, mtoto akitaka kutoka, wakunga hatuambiani tangulia wewe, aa, tangulia wewe."

Mzee wa kulia kwake, aliyeambulia sifuri, akacheka mpaka machozi, akawa wa kwanza kupiga makofi.

Shangazi alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi hadi viwikoni.

"Karani, mwanangu, hiyo simu iite mpaka lini? Hebu nipe."