Mlango wa Kufuli Tatu

Ofisi ya Muungano wa Wavujajasho ilikuwa na kufuli tatu mlangoni, moja ya kila chama. Ndivyo walivyokubaliana walipoungana na kushinda jimbo zima: mlango usifunguliwe mpaka wote watatu wawepo, asije mmoja akaamua peke yake.

Asubuhi hiyo, baada ya mkutano uliovunjika kwa matusi, Lubuva wa chama cha wakulima alifungua kufuli yake, akaitia mfukoni. Ngoda wa chama cha walimu akafanya vivyo hivyo.

“Toa na yako, Bi Tausi,” alisema Lubuva. Leo hakumwita ndugu. “Muungano umekufa.”

Tausi, kiongozi wa chama cha wachukuzi, alifungua yake, akaitupa mtaroni. Kisha akausukuma mlango kwa bega, akakokota benchi hadi kizingitini, akaketi.

“Sasa ataingia yeyote,” Ngoda alinong’ona.

“Ndiyo maana nimekaa hapa. Nimkaribishe.”

Ng’ambo ya barabara, mchukuzi aliyekuwa akipita alitua gunia lake, akajifuta jasho, akabaki kuutazama ule mlango ulio wazi.