Jina la Mwisho Kwenye Kadi

Kwa mara ya tatu, ile programu ya bure ya kuandikia ilimeza jina la mwisho kwenye kadi ya harusi, jina la Bi Kazija, mama wa kambo wa bwana harusi. Mjini walishasema Raya mchapaji kahongwa amfute.

Raya aliwaandikia watengenezaji, watu asiowajua. Wakamjibu: "Kwetu halipotei. Tueleze unavyofanya, hatua kwa hatua."

Akamwita Bi Kazija aketi kando yake, ashuhudie. Akachapa upya, akiandika kila hatua karatasini. Ili kusogeza jina katikati alibonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini, kama wafanyavyo wachapaji wote wa mji ule. Akahifadhi, akafungua. Jina halipo.

"Kumbe si wewe, mwanangu," alisema Bi Kazija.

Raya akatuma hatua zote, pamoja na zile arobaini. Chai haijapoa, jibu likaja. Akalisoma kwa sauti: "Kweli! Hata kwetu Bi Kazija kapotea. Tunamtafuta."

"Wapi huko?"

"Sijui, bibi. Mbali."

Bi Kazija akacheka, akajitanda mtandio wake upya, akakaa vizuri mbele ya kioo cha kompyuta.