Kichwa Kilichosukwa Nusu

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa simu ya mteja ilipolia kwa ujumbe. Binti akaitazama, akaruka kitini, kitana kikining'inia nyweleni.

"Shangazi, soko hili linachomwa! Wenyeji wanatuchinja sisi wahamiaji! Kaka zangu wameshaiona video, wanakuja na mapanga."

Msusi akaichukua simu. Moto ulikuwa moto kweli, na vilio vilikuwa vilio. Lakini vibao vya maduka vilikuwa na herufi ambazo hapa hakuna anayezisoma.

Akachungulia nje. Fundi viatu, mwenyeji wa kuzaliwa, alikuwa akitaniana na mama muuza nyanya, mhamiaji. Soko limetulia kama maji mtungini.

"Wapigie kaka zako."

"Hawapokei. Na nikiwatumia picha ya soko watasema ni ya zamani."

Msusi alikitazama kichwa kile. Upande mmoja mistari imelala vizuri. Upande wa pili nywele timutimu, kama alivyotoka nazo nyumbani asubuhi.

"Nenda kasimame katikati ya soko, ujirekodi, uwatumie."

"Na kichwa hiki? Shangazi, watanicheka!"

"Wacha wacheke. Kichwa hicho nimekianza leo. Nani atasema ni cha zamani?"

Binti akavuta mtandio ajifunike. Msusi akampokonya na kumfungulia mlango.

Fundi viatu alipomwona, aliangua kicheko. Binti akainua simu, akaenda kusimama ubavuni pake.

"Cheka tena, mjomba," alisema. "Cheka kaka zangu wakusikie."